Bajeti ya Maktaba ya Chuo Kikuu: Nani Achague Vitabu? (Sehemu ya Pili)

Ukuzaji wa hazina ya maktaba, yaani kazi ya kuamua vitabu na majarida yapi yanunuliwe, yapi yatunzwe na yapi yaondolewe, hautenganishwi na bajeti, kwa kuwa kila kinachonunuliwa huacha kingine bila fedha. Kwa mfano, chuo kilichoanzishwa Kisangani, Kongo, mwaka 1963 kiliunganishwa mwaka 1971 na vile vya Kinshasa na Lubumbashi kuwa chuo kimoja cha taifa, vitivo vikagawanywa upya kati ya miji hiyo, na mwaka 1981 kikarudishiwa uhuru wake kikiitwa Chuo Kikuu cha Kisangani. Kitivo kinapohamishwa, mahitaji ya wasomaji hubadilika papo hapo, lakini rafu hubaki zilivyo mpaka wapatikane watu wanaojua kilichopungua.

Watu hao ni wahadhiri, wasaidizi wao na wakutubi. Anayetafiti kilimo Yanonge, ukingo wa kushoto wa mto Kongo, ambako wakulima hufyeka msitu, hulima mihogo na mpunga, kisha huiacha ardhi ipumzike, anazihitaji ripoti za udongo na mimea zilizotoka Yangambi, kituo kikuu cha INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoundwa mwaka 1933, kuliko kitabu cha jumla kilichochapwa Ulaya. Mkutubi anayeazimisha vitabu naye ndiye ajuaye kipi kinagombewa na kipi hakijafunguliwa tangu kifike. Wasipoulizwa, maktaba hukua kwa misaada tu, na msaada huchaguliwa na mtoaji, hata vikaja vitabu vya Kiingereza mahali ambapo masomo hutolewa kwa Kifaransa. Tena kitabu cha bure kina gharama: huorodheshwa, hutafutiwa nafasi, hukingwa na unyevu.

Vyuo vingi huunda kamati ya maktaba yenye mjumbe wa kila kitivo. Hilo ni jema, ila fedha zikigawanywa kwa idadi ya wanafunzi peke yake, vitivo vidogo hunyimwa, na wakutubi wakialikwa kuandika kumbukumbu tu, kamati imepoteza macho yake. Kwa kuwa mipango ya Hinari ya mwaka 2002 na Agora ya mwaka 2003 hufungulia nchi maskini majarida ya afya na kilimo, fungu la intaneti, umeme na uhifadhi wa tasnifu za wenyeji lastahili kutangulia. Wakuu wa vyuo na wawaite wafanyakazi hao kabla bajeti haijatiwa saini.