Ukitaka buti ya Fairlady Z ifunguke yenyewe

Wenye Nissan Fairlady Z ya toleo la Z33, lile lililotoka 2002 na kuitwa 350Z nje ya Japani, wanaijua adha hii. Shokapu za buti zikichoka, mlango ule mrefu wa nyuma wenye kioo hauendi juu mpaka uusukume, na ukiuachia hushuka taratibu na kukukuta umeinama unatoa begi. Wengi hufunga shokapu mpya, mambo yakaisha. Wachache huuliza: kwa kuwa nanunua nyingine, kwa nini nisifunge za umeme, kama za Harrier?

Inawezekana. Porsche ilitoa Panamera mwaka 2009 ikiwa na mlango wa nyuma unaojiendesha kwa umeme, kwa hiyo umbo la spoti halikatazi. Ila wengi huanzia kwenye mota, na mota ndiyo sehemu rahisi kuliko zote.

Angalia kwanza jinsi mlango unavyokaa. Kwenye Harrier umening'inia karibu wima, hivyo unapoanza kufunguka uzito wake mwingi unabebwa na bawaba. Mlango wa Fairlady Z umelala, bawaba zikiwa juu karibu na paa. Ni tofauti ya kushika ndoo ya maji ukiwa umeteremsha mkono na kuishika ukiwa umeunyoosha mbele. Mzigo ni mkubwa tangu mlango ukiwa umefungwa, na papo hapo shokapu nayo imelala, inasukuma karibu sambamba na mlango badala ya kuunyanyua.

Tupige hesabu ya mfano. Mlango wa kilo 20, uzito wake ukiwa nusu mita kutoka kwenye bawaba, unahitaji karibu nyutoni mita 98 kuunyanyua. Ikiwa shokapu, kwa zilivyolala, zinapata sentimita 7 tu za kujiegemeza, basi lazima zisukume nyutoni 1,400 kwa pamoja, yaani 700 kila upande. Huo ni uzito wa mtu mzima wa kilo 70 na ushei, kushoto na kulia. Mlango ukishafika juu mahitaji yanashuka sana, na nguvu inayobaki ndiyo inayoushikilia usianguke.

Ndiyo maana ndani ya shokapu ya umeme iliyotengenezwa vizuri kuna springi nene ya chuma. Springi ndiyo inayobeba. Mota ndogo ya volti 12, ikipitia gia za kupunguza mwendo, huzungusha skrubu ndefu inayorefusha au kufupisha shokapu; kazi yake ni kuongeza pale springi ilipopungukiwa na kuvuta wakati wa kufunga. Fundi anayekufungia shokapu zilizotolewa kwenye gari jingine kwa sababu tu zinaingia anakupa springi iliyopimiwa mlango mwingine. Ikiwa dhaifu, mota itahema kila siku mpaka iungue. Ikiwa kali, itaukunja mlango kwenye kona, na hapo maji ya mvua yatapata njia.

Shokapu zako za zamani, zile za gesi, zina nyutoni zilizoandikwa ubavuni, ukifuta vumbi utazisoma. Anza na namba hiyo. Kisha pima urefu ikiwa imefunguka yote na ikiwa imejikunja yote, kutoka katikati ya kokwa moja hadi nyingine. Ile ya umeme ikishindwa kujikunja kufikia kipimo hicho, mlango hautafika kwenye kitasa, na kuulazimisha ni kuhatarisha kioo. Pima pia upana, maana shokapu za umeme ni nene na mfereji wa pembeni mwa buti ya Fairlady Z ni mwembamba.

Halafu kuna kitasa, na hapa ndipo kazi nyingi za gereji zinapokwama. Kitasa cha kawaida kimezoea mlango unaobamizwa. Mota hushusha polepole, mlango unafika kwenye raba, raba inausukuma, na kitasa hakishiki. Isitoshe, buti ya Fairlady Z iko chumba kimoja na viti. Ukifunga vioo vyote, hewa iliyomo ndani nayo inazuia mlango. Dawa ni kitasa chenye mota yake, kinachoudaka mlango ukiwa umebakiza kidogo na kuuvuta hadi mwisho. Seti isiyo na kitasa hicho itakufungulia buti vizuri sana, na utaifunga kwa mkono kama zamani.

Waya zipite kwenye mpira unaokunjika karibu na bawaba, na ziwe na fyuzi yake kutoka kwenye betri. Kuzichomeka kwenye waya wa taa ya buti ni uvivu, na waya mwembamba chini ya mzigo wa mota hupata moto.

Jambo moja husahaulika kwa sababu seti nyingi zimebuniwa kwa magari ya otomatiki: kompyuta yake husubiri gia iwe kwenye P ndipo ikubali kufungua. Fairlady Z ya gia za mkono haina P. Mafundi wengine huunganisha waya wa ishara ya P moja kwa moja ili kompyuta idanganyike, na hapo swichi ikibonyezwa kwa bahati mbaya barabarani mlango unaondoka. Ishara ichukuliwe kwenye spidi ya gari. Breki ya mkono pekee haitoshi, kwani kuna wanaoisahau ikiwa juu.

Kabla ya kulipa, weka taulo lililokunjwa kwenye ukingo wa buti, kwenye kona, uamuru ifunge. Kompyuta inatakiwa ihisi mota imelemewa, isimame na kurudi juu. Rudia kona ya pili, kisha gari likiwa limekaa juani limefungwa vioo. Ikiwa taulo linabanwa hata mara moja, usilipe: mbadala wa taulo ni vidole vya mtoto.