Nani anamwambia mama aksanti?



Juma lililopita, katika somo la adabu mezani, niliuliza wanafunzi wangu wa mwaka wa tano: kwenu nyumbani, nani anakula wa mwisho? Karibu wote walijibu: «Mama!» Nikauliza tena: nani alimwambia mama aksanti jana jioni? Darasa likanyamaza.

Basi niliwasimulia adabu za inchi zingine.

Kule Uturuki, anayekula humwambia aliyepika: «Elinize sağlık», maana yake mikono yako iwe na afya. Mpishi naye hujibu: «Afiyet olsun.» Neno hilo afiyet na neno letu afya yana asili moja, ya Kiarabu.

Wajapani husema «itadakimasu» mbele ya kula, ni kusema napokea kwa unyenyekevu. Wakimaliza, hushukuru tena. Katika shule zao nyingi za msingi, watoto wenyewe, wavulana na wasichana, hupokezana zamu ya kuwagawia wenzao chakula. Tena huwezi kusimamisha vijiti vya kulia ndani ya wali, kwa sababu ndivyo wanavyowapa wafu chakula.

Waetiopia hula injera pamoja kwenye sahani moja kubwa, kwa mkono wa kuume. Mtu hukata kipande, huchovya katika mchuzi, na kumlisha mwenzake mdomoni. Hiyo inaitwa gursha, ni alama ya upendo na heshima.

Mtoto mmoja alisema: «Mwalimu, basi kula kwa mkono si ushamba?» Hapana. Bugali na sombe kwa mkono uliooshwa na sabuni ni adabu kamili. Ushamba ni kumaliza nyama yote bila kufikiri kwamba aliyepuliza mbabula tangu saa kumi bado hajaonja.

Wamama, si sisi wenyewe tunaowazoeza watoto hivyo? Tunajitilia ukoko, tunasema tumeshiba. Mtoto wa kike anatutazama na kujifunza kwamba zamu yake ni ya mwisho. Mtoto wa kiume anajifunza kungojea kuletewa.

Juma hili tujaribu mambo matatu: sahani ya mama itolewe pamoja na zingine, wavulana nao waoshe vyombo, na hakuna anayeondoka mezani mbele ya kusema: «Aksanti, mama.» Hata baba.