Siri ya mgonjwa si uwongo

Mtu aliyepasuliwa ana haki ya kunyamaza. Habari za mwili wake si mali ya kazini wala ya mtaani. Lakini kunyamaza ni jambo moja, na kudanganya ni jambo jingine.

Tarehe 1 Julai 1893, Grover Cleveland, rais wa Marekani, alipasuliwa kwa siri katika merikebu ya rafiki yake, akaondolewa uvimbe mbaya kinywani pamoja na sehemu ya utaya wa juu. Watu waliambiwa kwamba ni meno tu. Mwezi wa Agosti mwandishi E. J. Edwards alitangaza kweli gazetini, akaitwa mwongo. Heshima yake ilirudi mwaka 1917 tu, daktari Keen, mmoja wa waliompasua rais, alipoandika yote.

Basi, msomaji, ukiisha kupasuliwa ngiri, mwambie kapita wako: «Daktari amenikataza mizigo mizito,» maana kidonda kisichokomaa huweza kufunguka ndani. Yatosha. Rafiki akiuliza zaidi, mjibu kwa upole: «Nashukuru, napata nafuu.» Nawe uliye rafiki, usimchunguze. Mchotee maji, mpasulie kuni, umwachie siri yake.