Ardhi ya Ibada na Paa la Mnyonge

Mji wa Babati u njiani baina ya Arusha na Dodoma, umeegemea Mlima Kwaraa kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili unalitazama ziwa ambalo viboko wake wana sifa kuliko hata wakubwa wa mji wenyewe. Msomaji wa Unguja au Pemba ambaye hajapata kufika huko asidhani kwamba habari za mji huo wa bara hazimhusu. Shida iliyoko Babati ndiyo iliyoko Ng'ambo na Chake Chake, na sehemu kubwa ya dawa yake imo katika hazina ya Visiwa vyetu tangu enzi za mababu, ingawa sisi wenyewe tumeiacha ishike kutu.

Mpaka mwaka 2002 Babati ulikuwa mji wa wilaya tu, chini ya Mkoa wa Arusha. Mkoa wa Manyara ulipozaliwa mwaka huo, mji ukavishwa joho la makao makuu kabla haujapata shati la kuvaa ndani. Wakaja maofisa, makarani, walimu, wauguzi na askari, na nyuma yao wafanyabiashara wa kila namna. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 93,108 katika eneo la Halmashauri ya Mji. Ile ya 2022 ikakuta idadi imekwisha kuvuka laki moja. Watu huja kwa basi, lakini nyumba haziji kwa basi. Mwenye mshahara mnono hupata nyumba nzima ya kupanga, au hununua kiwanja kilichopimwa. Mama lishe, mchukuzi wa sokoni, mlinzi wa usiku na mwalimu anayeanza kazi hupanga chumba kimoja, hudaiwa kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, hupika mlangoni na kuwalaza watoto nyuma ya pazia.

Aliyechoka kupanga hutafuta kiwanja cha bei nafuu, na kiwanja cha bei nafuu aghalabu huwa pale ambapo mwenye fedha asingethubutu kujenga: bondeni, kwenye mkondo wa maji, au ukingoni mwa ziwa. Wenyeji wa Babati wangali wanakumbuka jinsi ziwa lilivyofurika mwaka 1990 na kuingia majumbani. Na wote tunakumbuka yaliyotokea katika mkoa huo huo tarehe 3 Desemba 2023, pale tope, mawe na magogo yaliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuufunika mji mdogo wa Katesh. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Serikali, pamoja na Chama cha Msalaba Mwekundu, iliwajengea waliopoteza makazi nyumba mpya huko Waret, na kwa hilo yastahili pongezi. Waumini wa dini zote nao walitoa nguo, unga, magodoro na sala.

Hapo ndipo swali letu linapoanzia. Ikiwa nyumba ya ibada yaweza kumpa mtu blanketi baada ya ukuta kumwangukia, kwa nini isimsaidie kuusimamisha ukuta imara kabla ya mvua kunyesha?

Swali hili si la kejeli. Vyombo vya dini vina vitu vitatu ambavyo mnyonge anayetaka kujenga hana, na ambavyo hata Serikali haivipati kwa urahisi. Vina ardhi, kwa maana makanisa na misikiti mingi ilipewa maeneo makubwa wakati miji ilipokuwa bado vijiji, na leo maeneo hayo yamezungukwa na mji. Vina mkusanyiko wa watu kila wiki, ambao hutoa hata mia mbili mia mbili bila kusukumwa na mgambo. Na vina uaminifu: mtu aliye tayari kumkwepa mkusanya kodi mchana kutwa huona haya kumkwepa mzee wa kanisa au imamu anayesalimiana naye kila siku.

Mkoa wa Manyara wenyewe ni shahidi kwamba ushirikiano wa namna hii si ndoto. Hospitali ya Haydom, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kilutheri kutoka Norway katika miaka ya 1950, na ile ya Dareda ya Jimbo Katoliki la Mbulu, zimetibu vizazi kadhaa vya wananchi bila kumwuliza mgonjwa anasali wapi. Katika matibabu na elimu tumekwisha zoea kuona dini na dola zikibeba mzigo pamoja. Katika nyumba tumeziacha dini zijenge minara na kengele. Mwalimu Nyerere, alipozungumza na masista wa Maryknoll huko New York mwezi Oktoba 1970, aliwaambia bila kupaka mafuta kwamba kanisa lisilopigana na mazingira yanayomdidimiza binadamu litakosa maana kwa watu maskini. Maneno yale yalielekezwa kwa Wakatoliki, lakini hayana madhehebu.

Wala hatuanzi kutoka patupu. Katika bara letu hili hili la Afrika mambo haya yamejaribiwa, na yafaa tuitazame mifano miwili ya nje kabla ya kurudi nyumbani.

Mwaka 1973 mwanasheria mmoja wa Kimarekani, Millard Fuller, ambaye alikuwa ameuacha utajiri wake kwa ajili ya imani, alikwenda na familia yake Mbandaka, katika nchi iliyoitwa wakati huo Zaire, kufanya kazi na kanisa la mahali pale. Walijenga nyumba za matofali ya saruji kwa watu wa kipato cha chini. Nyumba hizo hazikutolewa bure. Kila familia ilikopeshwa gharama halisi, bila faida na bila riba, ikalipa kidogo kidogo, na yale malipo yakajenga nyumba ya jirani. Kutokana na kazi hiyo lilizaliwa mwaka 1976 shirika la Habitat for Humanity, ambalo katika miaka ya 1980 lilifika Tanzania pia.

Mfano wa pili u karibu zaidi. Waismailia walipompima Aga Khan III kwa almasi mwaka 1946, jijini Bombay na kisha Dar es Salaam, fedha zilizopatikana hazikuliwa karamu. Zilitiwa katika mfuko wa uwekezaji uliokopesha wanajumuiya mitaji na fedha za kujengea. Anayepita leo mitaa ya Upanga, Dar es Salaam, hupita katikati ya nyumba zilizojengwa kwa vyama vya ushirika vya jumuiya hiyo. Ni kweli kwamba mpango ule uliwahudumia wenyewe kwa wenyewe, na hapo ndipo ulipopungukiwa. Ni kweli pia kwamba majengo mengi ya namna hiyo yalitaifishwa mwaka 1971. Lakini namna ya kufanya haikutaifishwa, na yeyote aweza kuichukua.

Tazama sasa jambo la ajabu. Mkristo wa Mbandaka alikataa riba kwa kuwa Torati inakataza kumtoza maskini. Mwislamu huikataa kwa kuwa Kurani inaiharamisha. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoundwa mwaka 1972 ili kumkopesha mwananchi wa kawaida, ilianguka mwaka 1995, na tangu hapo mama lishe wa Babati hana dirisha la benki ambalo angesikilizwa bila dhamana. Katika jambo hili moja, mkopo wa nyumba usio na riba, padri na shehe waweza kuketi meza moja bila yeyote kati yao kulegeza imani yake. Ni mambo machache ambayo tunaweza kuyasema hivyo.

Turudi sasa Visiwani. Mababu zetu waliijua njia hii kwa jina la wakfu. Mtu aliitoa nyumba yake kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, nayo tangu siku ile haikuuzwa, haikurithiwa wala haikuwekwa rehani. Manufaa yake yakaenda kwa msikiti, kwa jamaa zake au kwa mafukara. Katika Mji Mkongwe ziko nyumba nyingi za wakfu, na watu wasio na uwezo waliishi humo kwa kodi ndogo katikati ya mji, karibu na kazi na soko. Sijui kama yuko mpangaji miji wa leo aliyebuni jambo zuri kuliko hilo.

Lakini tuseme na upande wa pili. Kodi ile ndogo ilikuwa ndogo mno. Haikutosha kununua chokaa na boriti, sembuse kumlipa fundi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na nyumba nyingi za wakfu zimekwisha vuka hatua ya ufa. Mpangaji hakutengeneza kwa kuwa nyumba si yake. Msimamizi hakutengeneza kwa kuwa fungu halina kitu. Na aliyeiweka wakfu yu kaburini. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, inayofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2007, imerithi majengo hayo pamoja na nyufa zake. Atakayeanzisha jambo hili Babati asichukue wakfu wetu bila kuchukua pia somo hili.

Basi tungependa kuona nini huko? Tungependa kuona chombo kimoja cha dini, au viwili vikishirikiana, kikitenga sehemu ya ardhi yake na kuishikilia daima kwa jina la wadhamini wake, kwa mfano wa wakfu, ili tajiri asije akainunua siku mji utakapopanuka. Juu ya ardhi hiyo familia ijenge nyumba yake yenyewe kwa mkopo usio na riba, kwa mfano wa Mbandaka, ikichangia kazi ya mikono: kubeba mawe, kuchota maji, kufyatua matofali. Familia ikihama, iiuzie kamati nyumba kwa thamani ya vifaa na matengenezo, si kwa bei ya soko. Na katika kila malipo ya mwezi litengwe fungu la ukarabati ambalo hakuna kiongozi wa dini wala wa mtaa anayeruhusiwa kuligusa kwa kazi nyingine, hata iwe kupokea wageni wa heshima.

Shilingi inapopungua thamani, mfuko usio na riba hufilisika taratibu. Baadhi yetu tungependekeza deni lipimwe kwa mifuko ya saruji badala ya fedha: aliyekopa mifuko mia arudishe thamani ya mifuko mia. Kama hilo lina harufu ya riba au halina, tunawaachia maulamaa, ila wasilikalie miaka kumi.

Kuhusu vifaa, si lazima kila tofali lichomwe kwa kuni za miti ya Kwaraa. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukifundisha kwa miaka mingi matofali ya udongo na saruji kidogo, yanayofungamana bila udongo mwingi wa kuunganishia, na kufyatuliwa kwa mashine ya mkono. Mashine moja yaweza kuzunguka parokia hata parokia, msikiti hata msikiti.

Iko pia hatari isiyofaa kufumbiwa macho. Nyumba yaweza kugeuzwa chambo cha kuvulia waumini. Babati ni mji wa Wagorowa, Wairaki, Warangi na wengineo, Wakristo wa madhehebu mengi na Waislamu, ambao wamekaa kwa amani sokoni na mazikoni. Mpango utakaomwuliza mwombaji dini yake kabla ya kumwuliza shida yake utaiharibu amani hiyo, na afadhali usianzishwe. Majina ya waombaji na yapitishwe na kamati ambayo mwenyekiti wa mtaa na watu wa dini nyingine wamo, na orodha ibandikwe hadharani.

Kwa maofisa wa Serikali tuna ombi la karatasi tu. Ardhi iliyotolewa kwa ajili ya ibada haiwezi kujengwa makazi mpaka mamlaka ya mipango miji ikubali kubadilisha matumizi yake, na faili la namna hiyo lina kawaida ya kulala kabatini mpaka mwombaji akate tamaa. Lipewe siku maalumu za kujibiwa. Upimaji ufanywe kwa eneo zima kwa pamoja, si kiwanja kimoja kimoja kwa gharama ya kila mmoja. Maeneo ya mkondo wa maji yakataliwe mapema, kwa alama zinazoonekana, kabla mtu hajanunua tofali la kwanza. Na katika mkataba wa kila nyumba yaandikwe majina mawili, la mume na la mke, ili siku mume akifariki, wale ndugu wanaokuja na gari la kubebea mabati wakute kwamba mwenye nyumba yu hai na yumo ndani.