Sauti ya Gurudumu

Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya ubovu wa motakaa ni sauti yake. Dereva mwenye busara hutega sikio kama mganga asikilizaye kifua cha mgonjwa, wala hatoi dawa kabla hajaujua ugonjwa.

Katika Dar es Salaam, tangu Kinondoni hata Temeke, motakaa nyingi zilitumika kwanza Japani, ndipo zikaletwa kwa meli. Kaskazini ya Japani theluji huanguka sana, na kwa hiyo baadhi yake hufika zikiwa na matairi ya theluji. Mpira wa matairi hayo ni laini, usije ukakakamaa penye baridi. Na uso wake una mifereji yenye kina na mikato midogo mingi, ili ushike barafu. Yamekusudiwa baridi iliyo chini ya digrii 7 hivi. Bali Dar es Salaam joto la mchana hufika mara nyingi digrii 30. Hapo mpira hulegea na kulika upesi. Tazama ubavuni mwa tairi: huenda ukaona alama ya mlima wenye vilele vitatu, na ndani yake chembe ya theluji.

Dereva mmoja wa Temeke alifungiwa matairi ya namna hii. Aliyemwuzia alimwambia, “Yatanguruma kidogo, ndiyo desturi yake.” Kesho yake, akiwachukua abiria kwenda Mbagala kwa Barabara ya Kilwa, alisikia mngurumo. Je, afanyeje? Na tuchunguze pamoja naye.

Kwanza, ikiwa mngurumo huzidi kwa kadiri ya mwendo, na kubadilika gari litokapo kwenye lami kuingia njia ya mchanga, yaelekea ni tairi lenyewe.

Pili, ikiwa wasikia ta-ta-ta ifuatayo mzunguko wa gurudumu, huenda jiwe au msumari umenasa. Jiwe litoe, msumari usiung’oe njiani, hewa isije ikaisha.

Tatu, ikiwa tairi lakwaruza ukikata kona, labda ni pana kupita kiasi, nalo lagusa mwili wa gari.

Nne, ikiwa mngurumo hubadilika ugeuzapo usukani, hali lami ni ile ile, shuku beringi iliyo katika kitovu cha gurudumu. Kubadili tairi hakutaiponya.

Tano, ukisikia kugonga, na gari likatikisika, simama mara moja! Huenda nati zimelegea.

Yule dereva alisikiliza sana. Na chini ya mngurumo aliouzoea akasikia ko, ko, ko. Abiria walinung’unika kwa kuchelewa, lakini alisimama. Lo! Nati tatu katika tano zilizunguka kwa vidole. Akalinyanyua gari kwa jeki, akazikaza kwa mfano wa nyota, yaani moja, kisha iliyo ng’ambo yake, ili gurudumu likae sawasawa. Kisha akaenda polepole mpaka kwa fundi kukaguliwa. Na baada ya kilometa 50 hivi akazijaribu tena.

Kama angaliridhika na neno la muuzaji, gurudumu lingalichomoka njiani pamoja na roho za watu. Basi, wanafunzi, kumbukeni: sauti uijuayo yaweza kuificha usiyoijua.