Umbo Moja, Asili Mbalimbali: Mfano wa "papa"

Maneno ya lugha mbalimbali yaweza kufanana kwa sauti na kwa maandishi bila ya kuwa na maana moja wala asili moja. Tuchunguze umbo *papa*, ambalo wanafunzi wa Bujumbura, Kigali na Bukavu hukutana nalo katika Kiswahili na katika Kifaransa.

Katika Kiswahili sanifu, umbo hilo lina maneno yafuatayo:

(a) Wavuvi wamemnasa papa. (samaki mkubwa wa baharini)
(b) Papa anaishi Vatikani. (kiongozi mkuu wa Kanisa Katoliki)
(c) Tukutane papa hapa. (kisisitizo, linganisha *yuyu huyu*, *kiki hiki*)

Neno la (c) limezaliwa ndani ya sarufi ya Kiswahili chenyewe. La (b) asili yake ni Kilatini, nacho Kilatini kilikopa neno la Kigiriki lenye maana ya baba. Kifaransa nacho humwita baba *papa*, neno la kitoto: sauti za midomo *p*, *b* na *m*, pamoja na irabu *a*, ni miongoni mwa zile anazoanza kutamka mtoto. Ndiyo sababu Kituruki na Kichina, lugha zisizo na nasaba na Kiswahili, nazo zina *baba* kwa maana ile ile. Kihispania cha Amerika ya Kusini huita kiazi *papa*, neno lililotoka Kikechua, lugha ya milima ya Andes.

Kwa hiyo, kufanana kwa neno moja si ushahidi wa undugu wala wa ukopaji. Undugu huthibitika pale maneno mengi yanapolingana kwa utaratibu, kama *mtu*, *mwana*, *mwaka* na *umuntu*, *umwana*, *umwaka* ya Kirundi na Kinyarwanda.

Mwanafunzi akiandika *Papa yangu ni mkulima*, tusimfutie sentensi nzima. Upatanisho wa kitenzi hautusaidii, kwani *papa amekuja* hufaa kwa samaki na kwa mzazi. Kimilikishi ndicho kinachotenganisha: majina mengi ya ujamaa huchukua *yangu* (*baba yangu*), na ya wanyama huchukua *wangu* (*mbwa wangu*). Aliyeandika *papa yangu* ameshika kanuni. Kilichompotea ni msamiati, tena neno linalosikika kila siku katika Kiswahili cha miji ya Kongo. Tumsahihishe neno, tumpe alama za sarufi.

Zoezi: Taja maneno matatu ya Kiswahili yanayofanana kwa umbo na maneno ya lugha nyingine uijuayo. Eleza kama mfanano huo ni wa undugu, wa ukopaji au wa sadfa.