Ubora wa Maisha kwa Vijana Wanaoishi na Kisukari Kinachotegemea Insulini

Kisukari cha aina ya kwanza hutokea pale kinga ya mwili inapoharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Bila homoni hiyo, sukari hubaki katika damu badala ya kutumika kama nishati, nao mwili huanza kuyeyusha mafuta na kuzalisha asidi ziitwazo ketoni. Ugonjwa huu hauambukizi, hausababishwi na kula sukari nyingi, wala hautokani na kurogwa. Anayeupata huhitaji insulini kila siku ya maisha yake.

Mtu wa kwanza kutibiwa ugonjwa huu kwa insulini alikuwa kijana. Leonard Thompson, mwenye umri wa miaka 14, alichomwa sindano hiyo katika hospitali mojawapo ya Toronto, Kanada, Januari 1922, naye akaishi miaka 13 zaidi. Tangu wakati huo, kijana anayepata insulini ya kutosha anaweza kuishi hadi uzeeni. Linalobaki ni kuuliza anaishi vipi.

Ubora wa maisha ni nini?

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, ubora wa maisha ni namna mtu mwenyewe anavyoiona nafasi yake maishani, kwa kuzingatia utamaduni wake, malengo yake na mambo yanayomtia wasiwasi. Kwa hiyo shahidi wa kwanza ni kijana mwenyewe. Maelezo ya mzazi na majibu ya maabara yana thamani kubwa, lakini hayachukui nafasi ya kauli yake.

Balehe na sukari iliyopanda

Wakati wa balehe, homoni za ukuaji hupunguza uwezo wa insulini kufanya kazi. Mtoto aliyetosheka na uniti 0.7 hadi 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku anaweza kuhitaji zaidi ya uniti 1, pengine hata kukaribia 2. Katika utafiti mkubwa uliofanyika Marekani na Kanada kati ya 1983 na 1993, vijana walikuwa na wastani wa sukari wa juu kuliko watu wazima, hata walipopewa matibabu ya karibu kama wao. Pamoja na hayo, matibabu hayo yaliwapunguzia madhara ya macho.

Mhudumu wa afya anapaswa kulikumbuka jambo hili kabla ya kumlaumu kijana. Sukari iliyopanda yaweza kuwa dalili kwamba dozi imepitwa na ukuaji wa mwili. Kijana anayekaripiwa kila akija kliniki hujifunza upesi kuandika namba za uongo katika daftari lake, na tangu hapo mhudumu hurekebisha dozi kwa taarifa zisizo za kweli.

Aibu na hatari yake

Vijana wengi huficha ugonjwa wao. Mwanafunzi wa bweni huogopa kudhaniwa kuwa anatumia dawa za kulevya akionekana na bomba la sindano. Wengine huruka dozi ili wale pamoja na wenzao bila kujieleza, na wapo, hasa wasichana, wanaoiacha insulini kwa kuhofia kunenepa. Msichana huweza pia kubeba kimya hofu ya kutoolewa au kutozaa, ilhali wanawake wengi wenye kisukari hujifungua salama wakipata uangalizi mzuri kabla ya ujauzito na wakati wake.

Kuacha insulini huweza kuleta sumu ya ketoni, ambayo huua. Kiu kali, kukojoa mara kwa mara, kutapika, maumivu ya tumbo, kupumua kwa kasi na kwa kina, na pumzi yenye harufu kama ya matunda ni dalili za kumkimbiza mgonjwa hospitalini bila kungoja asubuhi.

Kliniki iulize nini?

Badala ya kuuliza, “Mbona sukari iko juu hivi?”, mhudumu aulize, “Mwanangu, wiki hii ni sindano zipi zilizokushinda, na ni kitu gani kilichokuzuia?” Inafaa pia kijana apewe dakika chache za kuzungumza bila mzazi kuwapo.

Shirika la Afya Duniani lina dodoso fupi la maswali 5 kuhusu wiki 2 zilizopita: kijana alikuwa mchangamfu kiasi gani, alitulia, alijisikia na nguvu, aliamka akiwa amepumzika, na siku zake zilijaa mambo yanayomvutia. Kila jibu hupewa alama 0 hadi 5, na jumla yake huzidishwa kwa 4. Anayepata 50 au chini ya hapo achunguzwe zaidi kuhusu sonona. Kazi hii huchukua dakika chache tu.

Shuleni na nyumbani

Mwalimu wa zamu na mlezi wa bweni wajue mambo matatu. Kwanza, mwanafunzi huyu aruhusiwe kupima sukari, kuchoma sindano, kula na kwenda msalani anapohitaji. Pili, akitetemeka, kutokwa jasho au kuchanganyikiwa, apewe mara moja vijiko 3 vya chai vya sukari katika maji, apimwe tena baada ya dakika 15, kisha ale chakula. Akiwa amezimia, asitiwe chochote mdomoni; apelekwe hospitalini. Tatu, insulini inayotumika ihifadhiwe mahali penye ubaridi, mbali na jua. Pasipo na jokofu, mtungi wa udongo wenye maji husaidia.

Nyumbani, mzazi asimkabidhi mtoto mzigo wote kwa sababu tu amefikisha miaka 13. Kijana ajichome mwenyewe, lakini mzazi aendelee kuwapo, ahesabu naye dozi, na apokee namba mbaya bila ukali.

Nawe kijana, mweleze walau rafiki mmoja unayemwamini kuhusu hali yako, na umwonyeshe mahali unapoweka sukari yako ya dharura. Ukiona kuchoma sindano kumekuwa kugumu, mwambie mhudumu wako kabla hujaruka dozi inayofuata.